Jinsi ya kutengeneza kalenda yako ya kumbukumbu za muziki bila kuumbuka na tarehe

Mwaka flani tarehe 4 Julai niliamka asubuhi nikaposti picha ya Louis Armstrong na tarumbeta lake, nikaandika heri ya kuzaliwa mkongwe, umezaliwa siku ya uhuru wa Marekani mwaka 1900, yaani nikajiona nimetoa bonge la shule. Haikupita hata lisaa jamaa mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba hiyo tarehe ni Armstrong mwenyewe alikuwa anaitaja maisha yake yote, ila miaka mingi baada ya kufa kwake ikaja kupatikana kumbukumbu ya ubatizo na inasema 4 Agosti 1901. Mwezi mzima na mwaka mzima nimekosea! Nikafuta posti, nikakaa kimya, jioni yake nikafungua jedwali nikaanza upya. Hili jedwali ndo nataka nikuelekeze ulitengeneze, iwe unaendesha kipindi cha redio, unaimba kwaya, una chaneli yako, au we unapenda tu kusikiliza muziki kwa mpangilio.

Fungua eksel au daftari la kawaida, chora safu tano. Ya kwanza siku na mwezi, ya pili mwaka, ya tatu tukio na mahali lilipotokea, ya nne ni tarehe ya nini hasa, ya tano uhakika wake ukoje. Watu wengi wanaishia safu ya tatu na hapo ndo wanapoumbuka, mi nakwambia safu ya nne ndo roho ya kazi yote, nitairudia chini.

Panga kwa siku na mwezi, usipange kwa mwaka. Ukipanga kwa mwaka unapata kitabu cha historia, ukipanga kwa siku unapata majirani ambao usingewaza kuwaweka meza moja. Angalia tarehe 4 Machi, Vivaldi kazaliwa Venice 1678, baleti ya Swan Lake imeoneshwa kwa mara ya kwanza Moscow 1877, Miriam Makeba kazaliwa Johannesburg 1932. Au 3 Februari, Mendelssohn anazaliwa 1809, Buddy Holly na Ritchie Valens na Big Bopper wanakufa kwenye ajali ya ndege Iowa 1959, mwimbaji wa Misri Umm Kulthum anafariki Cairo 1975. Na 29 Agosti ndo kiboko, Charlie Parker kazaliwa 1920, Michael Jackson kazaliwa 1958, na katikati yao mwaka 1952 mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano akafanya onesho la kwanza la ile kazi ya John Cage ambayo mpigaji hapigi noti hata moja kwa dakika nne na sekunde 33. Haina maana yoyote ya nyota wala bahati, ni siku 366 tu na wanamuziki ni wengi, lakini inakupa orodha ya kusikiliza ambayo mashine haiwezi kukupangia.

Sasa hiyo safu ya nne. Kila ukikutana na tarehe jiulize, hii ni tarehe ya nini? Utashangaa jinsi swali dogo hivi linavyovuruga mambo.

Chukua Beethoven. Kila mwaka tarehe 16 Desemba watu wanamtakia heri ya kuzaliwa, wengine 17. Kilichoandikwa kwenye daftari la parokia kule Bonn ni ubatizo, 17 Desemba 1770, siku ya kuzaliwa haikuandikwa popote, na kwa sababu watoto wakati ule walibatizwa ndani ya siku moja hivi basi watu wanapiga hesabu ya kurudi nyuma wanapata 16. Kwahiyo kwenye jedwali langu iko 17, safu ya nne nimeandika ubatizo, ya tano nimeandika hakika. Chopin ndo kesi nyingine, daftari la kanisa linasema alizaliwa 22 Februari 1810 ila yeye na familia yake walikuwa wanasherehekea 1 Machi. Nani anajua zaidi siku aliyozaliwa mtoto, karani wa kanisa au mama yake? Mi nimemwamini mama, we chagua unavyoona, muhimu uandike zote mbili. Umm Kulthum yeye kuna wanaosema mwisho wa Desemba 1898 na kuna wanaosema Mei 1904, ni tofauti ya zaidi ya miaka mitano, hapo mi nimeacha kabisa kusherehekea kuzaliwa nimebaki na tarehe ya kifo ambayo haina ubishi.

Ingawa vifo navyo si salama sana. Kurt Cobain alikutwa amekufa nyumbani kwake Seattle tarehe 8 Aprili 1994, siku hiyo ndo dunia ilipata habari na wengi waliokuwa vijana wakati ule wanaikumbuka hiyo, lakini wachunguzi walihesabu kwamba alikufa tarehe 5. Halafu kuna suala la saa. John Lennon alipigwa risasi New York usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, ilikuwa inakaribia saa tano usiku, sasa kwa aliyekuwa Ulaya muda huo tayari ni alfajiri ya tarehe 9. Sheria yangu ni rahisi, tarehe ni ya pale tukio lilipotokea, basi, usianze kubadilisha kwa saa za kwako.

Kwenye rekodi ndo fujo yenyewe. Wimbo una siku ya kurekodiwa, siku ya kupigwa redioni mara ya kwanza, siku ya kuingia sokoni, na kila nchi ina yake. Elvis alirekodi singo yake ya kwanza Memphis tarehe 5 Julai 1954, ikatoka tarehe 19 mwezi huohuo, sasa ukisema leo rock and roll inatimiza miaka kadhaa ujue unaongelea ipi kati ya hizo (na wajuzi watakuambia rock and roll ilianza kabla ya yeye, na wako sahihi). Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa kwa siku mbili tu zilizopishana, 2 Machi na 22 Aprili 1959, ikatoka 17 Agosti, hapo una kumbukumbu tatu kwa albamu moja, chagua moja. Sgt. Pepper ya Beatles ndo mfano ninaoupenda zaidi maana kwa miaka mingi iliandikwa 1 Juni 1967 kila mahali, hiyo ndo ilikuwa tarehe rasmi, kumbe Uingereza ilishaingia madukani tangu 26 Mei na Marekani ikafika 2 Juni. Yaani mtu wa London alikuwa ameshaikariri albamu nzima siku ambayo wengine wanaiita siku ya kuzaliwa kwake. Siku hizi kidogo afadhali, tangu 10 Julai 2015 albamu mpya zinatoka Ijumaa dunia nzima, kabla ya hapo Waingereza walikuwa Jumatatu, Wamarekani Jumanne, kila mtu na lake.

Kwa muziki wa opera na simfoni unachotafuta kwa kawaida ni onesho la kwanza. Hapa kuwa makini usichanganye na siku mtunzi alipomaliza kuandika. Simfoni ya tisa ya Beethoven ilipigwa mara ya kwanza Vienna 7 Mei 1824, na kama bahati tarehe hiyohiyo miaka ya baadae wakazaliwa Brahms mwaka 1833 na Tchaikovsky mwaka 1840, kwahiyo 7 Mei haihitaji mtangazaji kufikiria sana. Handel na Messiah ni 13 Aprili 1742, na sio London kama wengi wanavyodhani, ni Dublin. Baleti ya The Rite of Spring ya Stravinsky ni 29 Mei 1913 Paris, siku ya kelele na kuzomeana ukumbini. Na Carmen ni 3 Machi 1875, ikapokelewa kwa ubaridi, na Bizet akafa tarehe 3 Juni mwaka huohuo, miezi mitatu kamili, hakuwahi kuona opera yake inageuka kuwa mojawapo ya zinazopigwa zaidi duniani. Mi tarehe 3 Machi naiweka na ya Juni naiacha, akumbukwe na kazi yake sio na kitanda cha mauti.

Kitu kingine kinachokula watu ni kalenda yenyewe. Dunia haikuhama kutoka kalenda ya Juliasi, ile ya zamani, kwenda ya Gregori tunayotumia sasa siku moja. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalihama 1700, Uingereza 1752, Urusi mpaka 1918. Ndo maana Bach unakuta amezaliwa 21 Machi 1685 sehemu moja na 31 Machi sehemu nyingine, na zote ni sahihi, ya kwanza ni ya daftari la kanisa la Eisenach, mji aliozaliwa, na ya pili ni hesabu ya sasa. Kanuni ya kubadilisha ni fupi, tarehe ya zamani iliyoko miaka ya 1600 ongeza siku 10, ya 1700 ongeza 11, ya 1800 ongeza 12, ya 1900 ongeza 13 (inabadilika mwishoni mwa Februari mwaka wenyewe wa karne, sio Januari mosi, ila hiyo itakugusa mara chache). Jaribu na Tchaikovsky, Warusi waliandika 25 Aprili 1840, ongeza 12 unapata 7 Mei, imekaa. Stravinsky alizaliwa 5 Juni 1882 kwa ya zamani, ongeza 12 ni 17 Juni, lakini mzee mwenyewe alipovuka karne akaanza kuongeza 13 akawa anasherehekea tarehe 18. Sasa mwenye siku yake akisema ni 18 utambishia? Mi nimeandika 17 na pembeni nikamwekea yake. Kwa Bach na Handel watu wengi wameshazoea za zamani, 21 Machi na 23 Februari, usijitie ujuaji wa kuwahamisha, andika tu safu ya nne kwamba ni kalenda ya zamani.

Na Rossini alizaliwa 29 Februari 1792. Mwaka 1800 haukuwa mrefu, yaani haukuwa na 29 Februari, kwahiyo kutoka 1796 akaruka mpaka 1804 bila siku ya kuzaliwa, kafa 1868 na miaka 76 lakini tarehe yenyewe aliiona mara 18 tu. Mwache hapohapo kwenye 29, usimhamishe.

Jinsi ya kuhakiki. Usihesabu kurasa ngapi zimeandika tarehe moja maana zinakopiana, kurasa kumi zilizokopiana ni shahidi mmoja. Tafuta wawili ambao hawajuani, kwa mfano gazeti la wakati ule na kumbukumbu za kampuni ya rekodi, au taasisi inayotunza makaratasi ya mtunzi mwenyewe kama Bach-Archiv ya Leipzig au Beethoven-Haus ya Bonn. Njia nyingine nzuri sana ni kuangalia siku ya wiki. Woodstock mwaka 1969 ilipangwa siku tatu, Ijumaa tarehe 15 Agosti hadi Jumapili 17, sasa ukikuta mtu anasema Jimi Hendrix alifunga tamasha Jumapili usiku ujue hajaangalia, ratiba ilichelewa vibaya mno Hendrix akapanda jukwaani Jumatatu asubuhi tarehe 18 na umati mkubwa ulishaondoka.

Na usidhani wakubwa hawakosei. Tarehe 11 Machi 1829 Mendelssohn akiwa na miaka 20 aliongoza Berlin ile kazi kubwa ya Bach ya Mateso kadiri ya Mathayo, ilikuwa imesahaulika kabisa nje ya Leipzig, na onesho lile ndo lililomrudisha Bach kwa watu. Waliliona kama kutimiza miaka 100 tangu ilipoimbwa mara ya kwanza, 1729. Karibu karne moja na nusu baadae wataalamu wakaja kuona kwamba ilishaimbwa tangu Ijumaa Kuu ya 11 Aprili 1727. Kumbukumbu maarufu kuliko zote katika muziki ilichelewa miaka miwili! Na hakuna aliyepungukiwa kitu, hiyo naiweka kama faraja yangu kwa ile ya Armstrong.

Ukishakuwa na jedwali kazi ya kila mwaka inakuwa rahisi. Chukua mwaka unaokuja, toa 50, 100, 150, 200, 300, halafu pitia hiyo miaka peke yake. Ya 25 na 75 ongeza kama una nafasi, za 10 na 20 mi siziheshimu sana, na hizi za miaka 35 na 45 ni za makampuni yanayotaka kukuuzia albamu ileile kwenye boksi jipya. Tuchukue 2027 kama mfano, toa 50 inabaki 1977 na huo mwaka una utajiri wa ajabu, albamu ya Rumours ya Fleetwood Mac mwezi Februari, Exodus ya Bob Marley and the Wailers tarehe 3 Juni, Elvis anakufa 16 Agosti, halafu 16 Septemba siku moja wanaondoka Maria Callas huko Paris na Marc Bolan kwa ajali ya gari London, malkia wa opera na kijana wa glam rock. Katikati ya vifo hivyo, Agosti na Septemba 1977, vyombo viwili vya Voyager vikarushwa angani kila kimoja na sahani ya dhahabu ambayo ndani yake kuna Bach, Beethoven, Mozart na Chuck Berry. Nimeipenda hii kuliko zote kwa sababu ni kumbukumbu ya muziki ambayo bado inasafiri. Toa 100 unapata 1927, mwaka ambao Carter Family na Jimmie Rodgers walirekodiwa kwa mara ya kwanza kule Bristol, Tennessee, ndani ya wiki moja, muziki wa country wote unahesabia hapo. Toa 150 ni 1877, Edison na fonografu yake, mashine ya kurekodi na kupiga sauti, bila hiyo nusu ya jedwali lako isingekuwepo. Toa 200 ni kifo cha Beethoven, 26 Machi 1827. Toa 300 ndo hiyo ya Mathayo.

Siku za kudumu zisizo na mtu ziweke tu zikae, 30 Aprili ya jazz iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011, 21 Juni ile iliyoanzia Ufaransa 1982 ya watu kupiga muziki mitaani, 1 Oktoba siku ya kimataifa ya muziki, 22 Novemba ya Mtakatifu Cecilia msimamizi wa wanamuziki, ambayo pia ndo siku aliyozaliwa Benjamin Britten 1913.

Usijaze kila siku. Nilijaribu mwaka mmoja kuposti kila siku nikageuka kuwa ukurasa wa matangazo ya vifo, mshumaa leo mshumaa kesho, hasa ukifika Septemba na Oktoba ambapo Hendrix na Janis Joplin walifuatana 1970 kwa tofauti ya siku 16. Chagua mbili kwa mwezi, tatu zikizidi. Mi nikipata nafasi ya kuchagua nachukua onesho la kwanza kabla ya kuzaliwa, na kuzaliwa kabla ya kifo, kwa sababu kwenye onesho kuna kitu cha kusikiliza siku hiyohiyo, lakini kuzaliwa mtoto hajapiga kitu bado.

Weka alamu wiki moja kabla, sio asubuhi ya siku yenyewe. Hiyo wiki ndo ya kuchagua rekodi, maana simfoni ya tisa peke yake ni zaidi ya saa moja na hautaimaliza ukiwa unaoga. Andika sentensi tatu, nini kilitokea, wapi, na tarehe hiyo ni ya nini, inatosha. Kama unarusha sauti yenyewe kumbuka kwamba Beethoven ni wa wote ila rekodi aliyopiga okestra mwaka juzi ni mali ya watu, wengi wanafungiwa video zao kwa hili wanabaki kulalamika mtunzi ameshakufa miaka 200. Tafuta rekodi iliyoruhusiwa au pigeni wenyewe.

Na ukisahihishwa usifute kama nilivyofanya mimi, ile tarehe ya zamani ihamishie safu ya tano. Mstari wangu wa 4 Agosti una maandishi madogo pembeni, yeye alisema 4 Julai 1900. Ni sehemu ya habari yake pia.

Kwa 2027 mi nimeshaweka alamu moja tayari. Nilikuwa napitia kalenda kuona miaka 200 ya Beethoven inaangukia siku gani, 26 Machi, nikakuta ni Ijumaa Kuu. Yaani siku ileile kwa kalenda ya kanisa ambayo Mateso ya Mathayo yaliimbwa mara ya kwanza miaka 300 kabla yake. Nitaanza na Bach mchana maana inakula karibu masaa matatu, Beethoven nitamwachia usiku.